Kichwa Kilichonyolewa

Sehemu ya saba

Tulimwacha Digna uani kwa mama mkwe wake, kule Idete, mkono wa mtu umekamata ushungi wake kwa nyuma, nasi tukaenda zetu kulala. Mmoja wenu alinitumia ujumbe kuniambia sina huruma. Ni kweli, sina. Haya, turudi uani.

Mkono haukuachia. Ulivuta mara moja, ukavuta tena, na Digna akajua kwamba nguo ikidondoka tu, habari yake imekwisha. Miguu ilimwambia kimbia. Moyo ukamwambia mtoto wako yuko humu ndani, unakimbilia wapi?

"Pini yako imechomoka, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake. "Simama nikubanie."

Levina! Mama mkwe mwenyewe! Yule yule aliyemkimbiza uani hapo hapo na mchi wa kutwangia, akimwita muuaji, leo anambania ushungi kwa vidole vya upole kana kwamba anamvika bibi harusi.

"Hivyo ndivyo," Levina akasema, akarudi nyuma kumtazama. "Mwanamke akijisitiri anapendeza. Karibuni kivulini."

Kwa aliyetukuta njiani, nitasema upesi. Digna na mumewe Beatus walianguka na pikipiki wakitoka Ifakara. Beatus alikufa pale pale. Digna alizindukia hospitali, kichwa kimenyolewa chote ili ashonwe jeraha. Aliporudi Idete mume alikuwa amekwisha kuzikwa, na yeye alikuwa na kipara na kovu utosini.

Sasa bondeni kwetu, msomaji, mwanamke mzima akionekana na kipara watu hawamuulizi amepatwa na nini. Wanajua wao. Amepelekwa kwa mganga, kanyolewa uchawi. Mjane wa ukoo ule hunyolewa na wifi zake, mbele ya watu, siku ya kumaliza matanga; huyu kaja amenyolewa tayari, na hakuna wifi aliyeshika wembe. Na lile kovu? Chanjo ya mganga hiyo, imepakwa dawa. Digna alisema hospitali, hospitali, mpaka mate yakamkauka. Wakamjibu kwamba kila anayenyolewa husema hospitali. Lisemwalo lipo, wakamalizia, wakabetua midomo. Ningekuwa na uwezo ningewashona baadhi ya watu hiyo midomo.

Wakamnyang'anya mtoto. Konsolata, miaka mitano. Na leo mchana shemeji yake, Hilary, anakuja na gari kumvusha mto akanyolewe naye na anyweshwe dawa, maana uchawi, wanasema, huingia kwa maziwa ya mama. Mtoto akishanyolewa ataitwa aliyenyolewa mpaka aote mvi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Ndiyo maana leo Digna, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, amekaa uani kwa mama mkwe ndani ya baibui, nikabu mpaka kwenye kope, soksi na glavu nyeusi, vyote vya kuazima kwa Mwanamvua, mwenye duka la vitenge pale Ifakara. Mwanamvua hununua mpunga Idete kila mavuno. Akienda na mgeni, nani atashangaa?

"Shikamoo, mama Beatus," Mwanamvua alisema, akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Marahaba, mama Abdul. Leo umeniletea mgeni."

"Wifi yangu huyu, katoka Tanga. Koo linamsumbua, daktari kamkataza kupaza sauti."

"Pole, mwanangu. Kaa. Hicho kigoda kiache, kaa kwenye kiti."

Kiti! Kilikuwa kiti cha Beatus, cha mbao, chenye mto alioushona Digna kwa mkono wake. Siku aliyokuja na kipara hakupewa hata maji ya kunawa. Leo kaletewa maji ya mtungini kwenye glasi ya wageni, na sahani juu yake kuzuia inzi. Mwili ni ule ule, msomaji. Digna alikaa juu ya mto wake mwenyewe, hasira zikampanda mpaka machozi yakamlenga.

Kisha akamwona.

Konsolata alikuwa amechuchumaa kando ya turubai lililoanikwa mpunga, fimbo mkononi, akiswaga kuku. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zile zile alizosukwa na mama yake asubuhi ya ajali, mistari nusu imefumuka, imejaa makapi, na hakuna aliyemfumua wala kumsuka upya. Digna alitaka kuinuka. Mwanamvua akamkanyaga mguu.

"Mpunga wenyewe ni huu?" Mwanamvua akauliza kwa sauti kubwa. Aliinama, akachukua punje, akaing'ata. "Mama, huu bado una maji."

"Una maji wapi! Umekaa juani tangu juzi."

"Ng'ata mwenyewe. Mkavu hulia ka, huu haulii!"

Walianza kubishana, na hivyo ndivyo walivyopanga. Mwanamvua abishane, Digna aombe choo, mtoto amwonyeshe njia, na nyuma ya choo kuna migomba, na nyuma ya migomba kuna barabara, na barabarani dereva wao, Steven, anangoja na bajaji ya mizigo, injini haijazimwa. Mpango rahisi. Mipango rahisi ndiyo inayonitisha mimi.

Digna aliinua mkono kama mtoto wa shule, akanong'ona, "Choo, mama."

"Konso!" Levina akaita. "Mpeleke mama mgeni msalani."

Mtoto alisimama. Akaja hatua chache, fimbo ikiburuzika. Mungu mkubwa, Digna akawaza, Mungu mkubwa, njoo mwanangu, njoo tu.

"Hebu ngoja," Levina akasema.

Alikuwa anamtazama Digna machoni. Alisogea karibu mpaka Digna akasikia harufu ya ugoro.

"Macho haya kama nayajua."

Mwanamvua aliacha kutafuna punje. Digna hakupepesa.

"Ni macho ya mtu wa sala," Levina akaendelea, na sauti yake ikalegea. "Mwanamke anayejifunika hivi, mpaka vidole, si mtu wa mchezo. Wewe una dua, mwanangu. Usinifiche."

Jamani! Digna, ambaye dua yake ya Kiarabu haifiki hata neno la tatu!

"Ana dua, ana dua," Mwanamvua akadakia, "ila koo mama, koo."

"Dua hainong'onwi? Nisaidie, mwanangu. Huyu mtoto usiku halali. Anamlilia mama yake." Levina aliketi chini kwenye mchanga, yeye mzima wa watu, mbele ya miguu ya mkwewe. "Nimemzika mwanangu wa kwanza. Mke wake ndiye aliyemla. Mimi sijui kusema uongo, huyo mwanamke nilimpenda, tulipalilia naye shamba moja, tukala sahani moja. Sikuona kitu. Sasa mjukuu wangu nisipomtoa mapema hicho kitu mwilini, nitakuja kumzika na yeye? Msomee. Mwekee mkono kichwani, alale."

Akamvuta Konsolata kwa mkono, akamweka mapajani mwa Digna.

Mtoto wake! Digna alikuwa ameazima nguo, amevuka njaa ya siku mbili na aibu ya mwezi mzima, akajiandaa kumwiba mwanawe kama kuku, na sasa wanamletea wenyewe na kumweka mapajani kwa sababu ya kitambaa cheusi. Alimshika. Mtoto alikuwa amekakamaa, uso kaugeuza, anaogopa lile joho lisilo na mdomo.

"Soma, mwanangu," Levina akasihi.

Digna aliweka mkono wa glavu juu ya zile nywele zilizofumuka. Akainama. Akatafuta neno, neno lolote, na kilichokuja ni kile anachokijua tangu alipokuwa mdogo kuliko huyu aliyempakata. Alikinong'ona chini kabisa, akiyaburuza maneno yasisikike.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Alinong'ona mpaka nusu, akanyamaza kuvuta pumzi. Na Konsolata, ambaye kila jioni ya maisha yake nusu ya pili ilikuwa zamu yake, akaijibu kwa sauti kali ya kitoto, uani kote kukasikika.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu!"

Levina akainua kichwa.

"Nini?" akasema. "Mtoto kasema nini? Kwani wewe unasoma nini, mwanangu?"

Mwanamvua hakuwa mwanamke wa kuokota maneno barabarani, alikuwa nayo dukani tayari. "Mama Beatus! Kwani Bibi Mariamu ni wenu peke yenu? Na sisi tunamtukuza, yumo kitabuni kwetu, sura nzima ni yake. Mtoto kasikia jina kaitikia. Ndiyo dua imeingia hiyo!"

Levina alimtazama Mwanamvua, akamtazama mtoto. Kisha akafanya ishara ya msalaba na machozi yakamtoka. "Imeingia," akasema. "Tangu msiba hajawahi kuitikia sala. Imeingia."

Alijifuta kwa kanga, akaenda kumwonyesha Mwanamvua magunia yaliyokuwa ukumbini. Kwa mara ya kwanza mama na mwana wakabaki peke yao.

"Mama yangu alikuwa anasali hivyo hivyo," Konsolata akanong'ona, sasa mwili umelegea kidogo.

"Yuko wapi mama yako?" Digna alinong'ona. Alijua asiulize, na akauliza.

"Amekuwa mchawi." Mtoto alisema kama anayesema amekwenda kisimani. "Alimla baba. Bibi anasema akija nikimbie."

Sitawaeleza Digna alivyojisikia. Mwenye mtoto anajua. Aliinuka, akamkumbatia Konsolata kifuani, akageuza uso kuelekea kwenye migomba. Hakukuwa na cha choo tena wala cha mpango. Hatua kumi na tano, ishirini, liwalo na liwe.

Honi ikalia mlangoni.

Gari dogo jeupe lilisimama kati ya Digna na migomba kabisa, vumbi likamfikia magotini. Hilary akashuka, jasho linamtoka, anacheka.

"Mama! Mambo yamejipa! Hakuna haja ya kwenda ng'ambo. Nimemkuta mnyoaji mwenyewe Kivukoni anavuka kuja huku, nikasema Mungu anipe nini tena. Nimekuja naye!"

Digna alitarajia mzee wa hirizi na ngozi ya chui. Akashuka kijana wa makamo, jina lake Deus, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni, viatu vinang'aa, begi la kompyuta begani. Ungemkuta benki ungempisha foleni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Majirani waliotoka kuchungulia walimwamkia kwa heshima wote, mpaka waliomzidi umri. Akafungua zipu ya lile begi, akatoa sahani ya bati, chupa ya dawa ya kijani na wembe mpya bado uko kwenye karatasi yake.

"Mtoto ni huyu?" akauliza. "Maji yako wapi?"

Maji yakaletwa. Konsolata aliuona wembe. Hilary alipomshika mkono, akapiga kelele iliyowarusha kuku wote kutoka kwenye mpunga, akajichimbia katika baibui la Digna, akang'ang'ania kwa kucha.

"Sitaki! Sitaki! Sitaki kuwa na kipara kama mama!"

"Muacheni," Levina akasema. Mwanamke yule naye alikuwa analia. "Muacheni, Hilary, usimvute. Si mnaona kamzoea huyu mgeni?" Akamgeukia Digna, akaunganisha viganja vyake kama anayeomba komunyo. "Mwanangu, nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Mshike wewe. Kwako atatulia. Mshike kichwa kisicheze, wembe usije ukamkata."

Mwanamvua alifumba macho.

Nani kati yenu alishawahi kuombwa hivyo? Akikataa, watamuuliza kwa nini, na Hilary atamshika mtoto kwa nguvu. Akikimbia, gari limebana njia na vijana wamejaa pembeni yake. Akikubali, atabaki salama ndani ya nikabu yake, atapewa tena glasi ya maji na ahsante, na atakuwa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, amemshikilia mwanawe akatiwe alama ya maisha.

Deus alimwagia maji kichwa cha mtoto. Yalimtiririkia machoni. Konsolata hakupiga kelele tena, alikuwa anasema tu polepole, "Mama mgeni, usiwaache waninyoe. Mama mgeni, usiwaache." Wembe ukagusa mstari wa kwanza, juu ya paji, na kijinywele kikadondoka juu ya glavu nyeusi.

Digna alishika mkono wa Deus.

Kisha akauachia, akapeleka mkono wake mwenyewe kisogoni, kwenye ile pini aliyobaniwa na mama mkwe, akaing'oa. Ushungi ukaenda. Nikabu ikaenda. Akasimama juani na kipara chake na kovu lake, uso wazi mbele ya Idete nzima.

Levina alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Ni yeye!" Hilary akasema. Akaruka kuuokota mchi ukutani. "Ni yeye mchawi! Kaingia mpaka ndani!"

Digna alifungua mdomo aseme hospitali. Alikwisha kuisema mara mia. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, watu aliovuna nao, akaona kwamba hawajawahi kumsikia na hata leo hawatamsikia. Walikuwa wanatazama kichwa tu. Basi akawapa walichokuwa wanakitaka.

"Ndiyo!" akapaza sauti, na koo lililokatazwa na daktari likasikika mpaka barabarani. "Mlisema mimi ni mchawi? Haya, ni mchawi! Nimenyolewa na uchawi haukutoka! Umezidi! Wewe Hilary, shusha huo mchi kabla mkono haujakauka. Na wewe mwenye shati, mguse tena mtoto wangu na huo wembe, uone kama utafika Kivukoni!"

Hilary alishusha mchi. Si kwa kufikiri, mkono ulishuka wenyewe. Deus, mtaalamu wa wachawi, alikuwa wa kwanza kukimbia. Alikatiza katikati ya turubai la mpunga na viatu vyake vinavyong'aa, wembe ukabaki kwenye punje. Majirani wakarudi nyuma mpaka ukutani. Vijana waliokuwa pembeni ya gari, kwenye njia ya migomba, wakagawanyika wenyewe, huku na huku, na njia ikawa nyeupe. Digna aliiona bajaji ya Steven kule mwisho.

Hata Mwanamvua alirudi nyuma hatua moja.

"Digna," akasema kwa sauti ya chini. "Si uliniapia ni hospitali?"

Digna alikuwa amekwisha kumgeukia mtoto. Nyuma ya nyumba mwanamke mmoja alikwisha kupiga yowe, na yowe likadakwa nyumba ya pili. Watu wakishakuwa wengi woga hugeuka mawe. Alikuwa na dakika chache, na zilimtosha kabisa. Akanyoosha mkono.

"Twende, mwanangu."

Konsolata hakukimbia. Yeye peke yake uani pale ndiye ambaye hakurudi nyuma. Alisimama na maji yakimchuruzika usoni, mstari mmoja umenyolewa juu ya paji, akamtazama mama yake kuanzia kwenye kovu mpaka kwenye soksi nyeusi. Akainua mkono wake mdogo nusu, akausimamisha hapo hapo hewani.

"Mama," akauliza, "kumbe ni kweli ulimla baba?"

Hilary alisikia swali, na majirani walisikia, na Levina aliyekuwa ameanguka kwenye mchanga aliinua uso kusikiliza. Akisema hapana, woga utawatoka na mchi utainuka. Akisema ndiyo, njia ni yake, aondoke salama, lakini ataondoka peke yake.

Yowe la tatu lilijibiwa kutoka upande wa barabara. Digna alipiga magoti mbele ya mwanawe, na watu wote wakainama mbele kidogo ili wasipitwe na jibu.